Unatafuta wafanyakazi wazuri? Anza na waliokuacha

Hivi karibuni nilimsaidia dada mmoja mwenye kampuni ya kufunga viyoyozi, Mikocheni, Dar es Salaam. Alitangaza nafasi mbili za fundi, akapata maombi zaidi ya mia, asimwone wa kumwita. Mafundi aliowataka, waliopita chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe na kukomaa saiti, hawakuomba kabisa. Kampuni walikuwa wanaijua, na walichokijua hakikuwavutia.

Hatua ya 1: Weka mambo ya ndani sawa. Mkataba wa maandishi, mshahara kwa tarehe, likizo ya siku 28 kwa mwaka, michango ya hifadhi ya jamii ya NSSF iingie kila mwezi. Kama hapa pana tatizo, usiendelee mbele.

Hatua ya 2: Wapigie simu walioondoka. Hatua hii ndiyo iliyonila wiki mbili, kwa sababu nilianza na fomu ya Google. Majibu yote yalifanana: "Mazingira yalikuwa mazuri, asanteni." Mtu haandiki ukweli mahali ambapo bosi atausoma. Simu ndiyo njia, lakini ina masharti yake.

Mwenye kampuni asipige mwenyewe. Apige mtu ambaye hakuwahi kumsimamia huyo mfanyakazi, na apige usiku kidogo, mtu ameshafika nyumbani na kula. Salamu zisiwe za haraka. Usimuulize kwa nini aliacha kazi, atakwambia alipata sehemu nyingine. Mimi niliuliza hivi: "Mdogo wako akitaka kuja kufanya kazi hapa kesho, utamwambiaje?" Kisha nyamaza, hata ukimya ukiwa mrefu. Akianza kulalamika usiitetee kampuni hata kwa neno moja, maana ukijitetea tu, anafunga mdomo.

Kati ya saba niliowapata, wanne walitaja jambo lile lile. Mmoja aliniambia, "Dada, nilikatwa hela ya geji ya gesi iliyoibiwa kwenye gari la ofisi. Siku hiyo sikuwa hata kazini."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi hapa. Huwezi kumkata mtu kufidia hasara mpaka iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, umweleze kwa maandishi sababu na kiasi, umpe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake. Yule dada hakuwa akijua. Nilipomsomea alinyamaza, halafu akaomba namba za wote wanne. Aliwarudishia fedha zao na kuwaomba radhi, mmoja mmoja. Wiki haikuisha, fundi tusiyemjua akapiga simu kuuliza kama kuna nafasi. Habari ilikuwa imeshafika kwenye kundi lao la WhatsApp.

Kwa hiyo, kama unadaiwa na mtu, mlipe kabla hujampigia kumuuliza maswali.

Hatua ya 3: Andika tangazo la kweli. Taja mshahara. "Mshahara ni maelewano" mimi nimeshaikataa kabisa, inamfukuza fundi mwenye kazi nzuri ambaye hana muda wa kubahatisha. Andika pia nani analipa nauli, maana kutoka Mbagala hadi saiti ya Mbweni si mchezo.

Hatua ya 4: Lipitishe kwa mafundi wako. Status zao za WhatsApp, na picha walizopiga wenyewe wakiwa kazini. Picha za kutoa mtandaoni achana nazo.

Hatua ya 5: Jibu kila aliyeomba. Hata wakiwa mia. Sisi tulituma ujumbe huu, jina likibadilishwa kwa kila mtu:

"Habari Juma. Tumesoma maombi yako ya kazi ya fundi viyoyozi. Safari hii tumechukua wenye uzoefu wa mashine kubwa. Asante kwa muda wako, na nafasi ya msaidizi ikitokea tutakupigia."