Kabla Hujampa Fundi Nduthi Iliyochoka

Swali la kutengeneza au kuuza nduthi, yaani pikipiki, huja siku mbaya. Nduthi imezima katikati ya Jogoo Road, mvua inanyesha, abiria ameshuka bila kulipa, na fundi wa kwanza unayemkuta anasema, "Hii ni injini, tufungue tu." Ukikubali hapo hapo, umeshaamua. Injini ikishalazwa vipande vipande juu ya gunia, hakuna atakayeinunua ila kwa bei ya vyuma vya kilo. Amua nduthi ikiwa bado inatembea.

Anza na simu yako. Rudi nyuma kwenye ujumbe wa M-Pesa wa miezi 6, uandike kila pesa iliyokwenda kwa fundi na kwa duka la spea. Nilipofanya hivyo nilitarajia mara 3 au 4. Zilikuwa 11, nyingi za mia tano mia tano ambazo nilikuwa nimezisahau kabisa. Kisha uongeze siku ambazo nduthi ililala kwa fundi. Hizo hazina ujumbe wowote, lakini kwa mtu wa steji ndizo zinazouma zaidi. Ukimaliza, toa humo tairi, cheni na sproketi, breki shuu na oili. Hizo usiihesabie nduthi kosa. Hata mpya ingezila. Kinachobaki ndicho ugonjwa wenyewe.

Sasa ioshe, na uioshe vizuri, kwa maana grisi na matope huficha mengi. Wengi hukimbilia injini, mimi huanza na chasi. Injini unaweza kuifufua, lakini chasi iliyopinda sijaona dawa yake ninayoiamini. Inama uangalie sehemu tatu: shingo ya usukani, pale mkono wa gurudumu la nyuma unapofungwa, na chini ya keria, hasa kama umekuwa ukibeba magunia ya viazi kutoka sokoni. Mstari mwembamba wa kutu uliopasua rangi ndio ufa. Kama kuna weldi ya zamani usiyoijua, hasa karibu na namba ya chasi iliyogongwa shingoni, simama hapo: namba ikiharibika, kuhamisha umiliki kutakuwa vita. Halafu weka usukani sawa, ukaze uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, upande mmoja kisha wa pili. Tairi la mbele ni jembamba, kwa hiyo patakuwa na mwanya. Muhimu ni mwanya ulingane pande zote mbili. Usipolingana, kaza kwanza ekseli na ulinganishe alama za cheni kabla hujalia. Gurudumu likicheza ukilisukuma kushoto na kulia, mara nyingi ni beringi au bushi, na hizo si sababu ya kuuza.

Injini nayo huzungumza kwa moshi. Mweusi ni petroli nyingi. Safisha kabureta na kichujio cha hewa kabla hujamsikiliza yeyote. Wa buluu ni oili inayoungua. Moshi huo ukitoka asubuhi tu kisha ukapotea, shuku sili za valvu. Ukikufuata ukipanda kutoka Museum Hill kwenda Westlands na abiria nyuma, ringi za pistoni zimechoka, au silinda yenyewe imelika. Kuna jaribio la dakika tano ambalo fundi mwaminifu hatakunyima. Piga kiki injini ikiwa imezimwa, usikie uzito wake. Toa plagi, dondosha oili kijiko kimoja kwenye silinda, rudisha plagi, piga tena. Kiki ikiwa nzito kuliko mwanzo, pengo liko kwenye ringi. Isipobadilika, tafuta kwenye valvu.

Ikibidi kufungua, uwepo. Usiende kunywa chai. Omba kuona kichwa cha pistoni. Silinda ikichongwa huwekewa pistoni kubwa kidogo, na hizo huja kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, namba ikiwa imegongwa juu ya pistoni. Ukifuta kaboni ukakuta 25, injini bado ina maisha. Ukikuta 100, wenye nduthi kabla yako wamekwishakula nafasi yote ya kuchonga. Sasa ni slivu, yaani bomba jipya la ndani ya silinda, au bloku jipya, na hesabu inabadilika kabisa. Namba hiyo ndogo imeniamulia mimi mara mbili.

Waya, taa, tanki lililobonyea, kiti kilichochanika: hayo ni sura tu, yasikufanye uuze nduthi.

Ulizia spea kabla ya kuzihitaji. Boxer na TVS utazipatia spea karibu kila mtaa, lakini baadhi ya chapa zilizoingia kwa kishindo zikanyamaza zitakufanya uzunguke Kirinyaga Road siku nzima ukiwa na kipande cha zamani mkononi. Hiyo peke yake inatosha kuuza, hata kama injini ni nzima. Kipimo changu mimi, na si sheria: matengenezo pamoja na siku za kulala yakizidi nusu ya bei ambayo nduthi ingeuzwa ikiwa nzima, naanza kutafuta nyingine.

Ukifikiria mpya ya mkopo, usiangalie malipo ya siku. Tuseme ni shilingi 400 kwa siku kwa miezi 18: siku 540, hivyo ni 216,000, na amana bado. Linganisha hiyo na bei taslimu ya dukani, halafu ujiulize utalipa nini wiki ambayo mtoto yuko hospitali. Ya umeme nayo ni sawa, mradi vituo vya kubadilishia betri viko kwenye njia zako, si kwenye njia za mwenzako. Ya mitumba, shika injini kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, mwenyewe ameiamsha kabla hujafika ili usisikie inavyohangaika ikiwa baridi. Soma namba ya injini na ya chasi kwa macho yako, uzilinganishe na logbuku, yaani hati ya umiliki.

Na ukiuza ya zamani, usimkabidhi mtu kwa kuandikiana karatasi ya daftari. Anzisha uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na umwone mnunuzi akiukubali kabla hajaondoka nayo. Jirani yangu aliuza yake kwa kuaminiana. Mwaka uliofuata polisi walimtafuta yeye, kwa ajali iliyotokea akiwa amelala nyumbani.