Kipanya cha gemu: kichague kwa mkono, kipime kwa rula

Ukishuka Moi Avenue hadi Luthuli hapa Nairobi, kila kioo cha duka kimejaa vipanya vinavyowaka taa za rangi zote, na kila kasha limeandikwa DPI kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Mimi ni fundi maeneo hayo hayo, na kazi inayofika mezani kwangu zaidi ni kibodi na vipanya. Jioni nikirudi Umoja nacheza Counter-Strike, mchezo wa kulenga na kufyatua risasi, na vijana wa ploti. Vipanya navijua ndani na nje, na kila mteja anayeniuliza namwambia neno moja: usinunue taa, usinunue namba. Mkono wako na kitufe cha kushoto ndivyo viamue.

Tuanze na hiyo namba, maana ndiyo inayowapotosha wengi. DPI ni idadi ya hatua ambazo kipanya huripoti kikisogezwa inchi moja, yaani sentimita 2.54. Kikiwa kwenye 800, ukikisogeza inchi moja kishale kinakwenda pikseli 800. Sasa chukua kasha lililoandikwa 16,000. Skrini nyingi tunazotumia zina upana wa pikseli 1,920, kwa hiyo inchi moja tu ya mkono ingevuka skrini nane na bado ibaki. Huwezi kulenga kichwa cha adui kwa mwendo huo. Wachezaji hodari wengi hukaa 400, 800 au 1,600, na huko hata kipanya cha bei ya wastani kinafika. Swali la maana ni kama 800 yake ni 800 ya kweli. Nitakuonyesha jinsi ya kuijua ukiwa bado dukani.

Kwanza mkono. Chukua rula, pima kutoka mstari wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Ukipata chini ya sentimita 17, mkono wako ni mdogo. Ukipita 19, ni mkubwa. Kisha jitazame unavyoshika. Kuna wanaolaza kiganja chote juu ya kipanya, kuna wanaokunja vidole kama makucha huku kiganja kikigusa nyuma tu, na kuna wanaoshika kwa ncha za vidole peke yake. Anayelaza kiganja anahitaji kipanya kirefu chenye mgongo, mfano Razer DeathAdder, chenye urefu wa milimita 127 na umbo la mkono wa kulia. Anayekunja vidole au kutumia ncha atastarehe na kifupi kama Logitech G102, chenye milimita 116 hivi na gramu 85. Wewe unayetumia mkono wa kushoto, tafuta chenye pande mbili zinazolingana, na uangalie vitufe vya ubavuni viko upande gani kabla ya kulipa.

Uzito nao una maneno. Kwa michezo ya kulenga na kufyatua, mimi sipiti gramu 100, kwa sababu mkono unaanza na kusimamisha kipanya tena na tena usiku mzima. Kwa Dota 2, mchezo wa mikakati na kubofya, uzito si hoja kubwa. Hapo tazama vitufe na jinsi kinavyobofya haraka.

Sasa uko dukani. Omba kichomekwe kwenye kompyuta. Muuzaji anayekataa, muage kwa heshima uende duka linalofuata, hayako mbali. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika main.cpl, kisha fungua ukurasa wa "Pointer Options". Ondoa tiki kwenye "Enhance pointer precision", na uhakikishe mtelezo wa kasi uko katikati kabisa, alama ya sita kati ya kumi na moja. Weka kipanya kwenye DPI 800. Laza rula mezani, peleka kishale ukingo wa kushoto wa skrini ya pikseli 1,920, halafu sogeza kipanya polepole kwenda kulia. Kishale kinapaswa kugusa ukingo wa pili mkono ukiwa umekwenda sentimita 6.1 hivi. Ukikuta 4 au 9, hiyo 800 imeandikwa tu. Kisha sogeza kwa kasi kwenda, urudi polepole hadi alama uliyoanzia kwenye rula. Kishale kirudi kilipotoka. Kikirudi mbali, kihisi, yaani jicho la chini la kipanya, kinapoteza njia ukienda kasi, na ndani ya mchezo utageuka ukitazama ukuta.

Jaribu vitufe. Shika faili moja kwenye skrini, livute taratibu ukilizungusha bila kuachia kidole. Likidondoka njiani, swichi imechoka au ni mbovu tangu kiwandani. Bofya folda mara moja: ikifunguka kana kwamba umebofya mara mbili, ugonjwa ni ule ule. Zungusha gurudumu polepole ukitazama kurasa; zikirukaruka kurudi nyuma, acha. Halafu shika waya pale unapoingia kwenye kipanya, uukunje kidogo huku na huku. Hapo ndipo waya hukatika ndani, na vingi nilivyofungua vimefia hapo.

Bandia zipo, tena zinafanana na halisi kwa kasha na kwa nembo. Kwa kipanya cha gemu cha Logitech, programu ya G HUB itakitambua na kukupa mipangilio yake. Isipokitambua, usilipe. Lipa kwa M-Pesa na uchukue risiti yenye jina la duka na muda wa waranti.

Cha waya au kisicho na waya? Cha waya ni rahisi zaidi na hakikuzimikii katikati ya raundi. Lakini visivyo na waya vya leo vinavyotumia kipokezi cha USB cha gigahezi 2.4 vinacheza sawa kabisa. Logitech G304 hutumia betri moja ya AA na ina gramu 99 pamoja na betri. Ukiweka ya lithiamu badala ya alkali unapunguza gramu kama nane, na mkono unasikia tofauti. Kipokezi usikichomeke nyuma ya kompyuta karibu na matundu ya USB 3.0, kwa kuwa matundu hayo hutoa kelele kwenye masafa hayo hayo. Tumia waya wa kuongezea ukilete juu ya meza, karibu na kipanya. Bluetooth iachie kazi za ofisini.

Kisha kuna ile namba ya hezi. Kipanya cha kawaida huripoti mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Cha gemu huripoti mara 1,000, kila milisekunde 1, na hiyo hatua utaihisi. Siku hizi wanauza cha 8,000. Ukicheza Counter-Strike kwenye seva za Johannesburg, data yako inakwenda na kurudi kwa makumi ya milisekunde. Sehemu ya milisekunde moja haitakuokoa. Hiyo pesa nunua padi ya kuwekea kipanya.

Padi watu wanaidharau sana na inaniuma. Kihisi ni kamera ndogo inayopiga picha za uso wa meza maelfu ya mara kwa sekunde na kuzilinganisha. Juu ya kioo mara nyingi haioni kitu cha kulinganisha, na juu ya kitambaa cha meza chenye maua inachanganyikiwa. Nunua padi ya kitambaa, pana. Upana gani? Hesabu iko hivi: katika Counter-Strike 2, DPI 800 na kasi ya 1 ndani ya mchezo, kugeuka duara zima kunataka sentimita 52 za meza. Kutazama nyuma tu ni 26. Padi ndogo ya sentimita 20 utakuwa unanyanyua kipanya huku unapigwa risasi. Chukua ya 45 kwa 40 kwenda juu. Anayecheza Valorant, mchezo mwingine wa kufyatua, agawanye kasi yake ya Counter-Strike kwa 3.18, hivyo 1 inakuwa 0.314, na mkono utasogea vile vile.

Ukipata kasi, kaa nayo. Anza mahali duara zima linakula kati ya sentimita 30 na 50, ucheze nayo wiki kadhaa kabla ya kugusa chochote. Kijana akifungwa leo anabadilisha, kesho anabadilisha tena, na mkono haupati nafasi ya kuzoea. Kiwiko kikae usawa wa meza, na ukianza kusikia maumivu kwenye kifundo, simama. Usivumilie maumivu ya mkono kwa ajili ya cheo cha mchezo.

Vumbi la Nairobi linaingia kila mahali. Mara moja kwa mwezi geuza kipanya, futa nyayo zake za chini kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na upulize tundu la kihisi bila kuligusa kwa kucha.

Na siku kitufe kitakapoanza kubofya mara mbili, usikitupe. Ndani ya swichi kuna ulimi mwembamba wa chuma. Unapochoka na kushika kutu nyepesi, unadundadunda badala ya kugusa mara moja. Swichi zinazotumia mwanga hazina ugonjwa huo, lakini zile za kawaida zinabadilishwa kwa nukta tatu za risasi ya kuchomelea. Skrubu mara nyingi ziko chini ya zile nyayo, kwa hiyo nunua nyayo mpya siku hiyo hiyo. Mwambie fundi abadilishe swichi mbili, ya kushoto na ya kulia, za aina moja, ili uzito wa kubofya ulingane pande zote.