Jinsi ya Kufuatilia Mabadiliko ya Kanuni na Viwango vya Uhandisi

Kabla ya kujisajili kupokea taarifa zozote, andaa rejista ya viwango unavyovitumia kweli katika kazi zako. Wahandisi wengi huanza kwa kujiunga na kila huduma ya taarifa, na baada ya miezi michache huacha kuzisoma kwa sababu nyingi haziwahusu. Pitia hesabu, michoro na hati za mikataba ya miradi yako ya karibuni, kisha uandike kila kiwango kilichotajwa humo: namba yake kamili, sehemu yake, mwaka wa toleo, marekebisho yaliyofuata, vifungu unavyovitegemea zaidi, na jina la mtu mmoja mwenye jukumu la kukifuatilia. Jina hilo lisikosekane, kwani kiwango kilichoachiwa idara nzima kwa kawaida hakifuatiliwi na yeyote.

Namba yenyewe isomwe kwa makini. Katika viwango vya ASTM, shirika la Marekani la viwango vya vifaa na upimaji, mwaka unaofuata kistari ni wa toleo hilo, mwaka ulio ndani ya mabano huonyesha kwamba kiwango kimeidhinishwa tena bila mabadiliko ya maana, na herufi ndogo ya epsilon huashiria masahihisho ya kiuhariri. Katika viwango vya ISO na IEC, mashirika ya kimataifa ya viwango (la pili ni la masuala ya umeme), neno «Amd» huonyesha nyongeza au marekebisho, na «Cor» huonyesha masahihisho ya makosa. Aliyenunua kiwango bila kutafuta hati hizo fupi zinazokifuata anaweza kuwa na toleo la mwaka sahihi lenye jedwali lisilo sahihi.

Chunguza pia namna viwango vinavyotajana. Katika mfumo wa ISO, kiwango kikitajwa pamoja na mwaka wake, toleo hilo pekee ndilo linalotumika; kikitajwa bila mwaka, linatumika toleo la karibuni zaidi pamoja na marekebisho yake. Kwa hiyo hati unayoitumia inaweza kubaki vilevile bila herufi kubadilika, huku matakwa yake yakiwa yamebadilika kwa sababu kiwango ilichokitaja bila mwaka kimetolewa upya. Ingiza viwango hivyo vilivyotajwa ndani ya vingine kwenye rejista yako.

Hatua inayofuata ni kujua mzunguko wa kila mchapishaji, maana mabadiliko mengi hayaji kwa kushtukiza. Kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, za maboila na matangi ya shinikizo hutolewa kila baada ya miaka miwili, mwezi Julai wa mwaka usiogawanyika kwa mbili, na tangu mwaka 2013 hazina tena nyongeza za kila mwaka. Toleo jipya linaweza kutumika tangu linapochapishwa, na huwa la lazima baada ya miezi sita. NFPA 70, kanuni ya umeme ya Marekani, hutolewa kila baada ya miaka mitatu, lakini kati ya matoleo kunaweza kutoka marekebisho ya muda. ISO hupitia upya kila kiwango angalau mara moja katika miaka mitano, na ukurasa wa kiwango huonyesha kama kimethibitishwa, kinarekebishwa au kimeondolewa. Weka tarehe hizi kwenye kalenda ya kazi, na ujiandikishe kupata taarifa za viwango vilivyomo kwenye rejista yako tu. Shirika la Biashara Duniani nalo lina huduma ya bure iitwayo ePing, inayotuma taarifa za kanuni za kiufundi ambazo nchi wanachama zinakusudia kuzipitisha.

Hapa ndipo pa kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa mno: kuchapishwa na kuanza kutumika kisheria. Si lazima toleo jipya kabisa liwe ndilo linaloongoza kazi yako. Sheria au mamlaka ya ujenzi inaweza kuwa bado inatambua toleo la zamani, na mkataba unaweza kuwa umetaja mwaka mahususi. Kizazi cha pili cha Eurocode, viwango vya Ulaya vya usanifu wa majengo na miundo, ni mfano mzuri: sehemu zake zimekuwa zikichapishwa moja baada ya nyingine, viambatisho vya kitaifa vinaandaliwa katika kila nchi, na viwango vya kizazi cha kwanza vimepangiwa kuondolewa ifikapo Machi 2028. Katika kipindi kama hicho, kuchukua fomula kutoka kizazi kimoja na vigezo vya usalama kutoka kingine ni hatari, hata kama kila namba peke yake imenakiliwa kwa usahihi. Mwanzoni mwa kila mradi, andika kwenye hati ya msingi wa usanifu toleo linalotumika na sababu yake, kisha upate kibali cha maandishi cha mteja.

Toleo jipya likifika, anza na dibaji, kwa kuwa ISO hueleza humo mabadiliko makuu kulinganisha na toleo lililotangulia. Wachapishaji kadhaa huuza pia nakala zinazoonyesha maneno yaliyofutwa na yaliyoongezwa. Nakala hizo zinasaidia sana, ila hazikuambii mabadiliko yanamaanisha nini kwa kazi yako. Kwa hilo hakuna njia nyingine isipokuwa kurudia hesabu uliyokwisha kuifanya.

Tazama ACI 318, kanuni ya zege ya Marekani. Katika toleo la 2014, njia rahisi ya kupata uwezo wa zege la kawaida kuhimili nguvu ya mkato (inayoelekea kulikata zege), kwa vipimo vya milimita na megapaskali, ilitumia kizidishi cha 0.17. Toleo la 2019 lilibadilisha hesabu hiyo kwa boriti na slabu zisizo na kiwango cha chini cha nondo za mkato, likaingiza uwiano wa nondo za mvutano pamoja na kigezo cha ukubwa, kinachopunguza uwezo kadiri kina kinavyoongezeka. Chukua slabu nene inayobeba mzigo kwa upande mmoja, yenye kina faafu (kutoka uso unaobanwa hadi kwenye nondo za mvutano) cha milimita 600 na uwiano wa nondo wa asilimia 0.4, isiyo na nguvu ya mhimili, yaani ya kuisukuma au kuivuta kwa urefu wake. Kigezo cha ukubwa kinakuwa takriban 0.77, na kizidishi kinashuka hadi karibu 0.08, yaani chini ya nusu ya kile cha awali. Hata hivyo, sura ya misingi katika toleo hilohilo inaruhusu kupuuza kigezo cha ukubwa kwa baadhi ya misingi ya kina kifupi. Aliyesoma kifungu cha mkato pekee angekosa ruhusa hiyo, na aliyesoma muhtasari pekee asingejua ukubwa wa upungufu.

Baada ya kuelewa mabadiliko, yapeleke kwenye zana zote zinazobeba kanuni kimyakimya. Lahajedwali za hesabu, michoro ya mfano, maelezo ya kiufundi yanayonakiliwa kutoka mradi hadi mradi, na programu za usanifu ambazo mpangilio wake bado umeachwa kwenye toleo la zamani, ndizo zinazorudisha kanuni iliyokufa kazini. Kila lahajedwali ionyeshe juu kabisa toleo inalolifuata na jina la aliyeihakiki.

Ikiwa una nafasi, soma rasimu zinapotolewa kwa maoni ya umma. Unapata muda wa kujiandaa, na maoni yenye hesabu na pendekezo la maneno mbadala huzingatiwa kuliko malalamiko ya jumla.

Matoleo ya zamani yasitupwe. Yapigwe muhuri kuwa yameondolewa na yatengwe na yale ya kila siku, kwa sababu siku jengo litakapohitaji kukarabatiwa au kuongezewa ghorofa, mhandisi atakayelikagua atahitaji kujua lilisanifiwa kwa kanuni ipi, ya mwaka gani, na kwa marekebisho yapi.