Una biashara yako Marekani na kazi zimekata: mafao ya kukosa ajira unapata au hupati?

Wadau mlioko Marekani, mimi nawafanyia watu hesabu za biashara ndogondogo, malori, saluni, usafi wa maofisi, na biashara ikiyumba tu naulizwa, mbona nalipa kodi kila mwaka halafu mafao nanyimwa? Ni kwa sababu kodi ya mapato siyo inayojaza ule mfuko wa mafao. Unajazwa na kodi ambayo mwajiri anamlipia kila mfanyakazi, ile ya serikali kuu ni asilimia 6 ya dola 7,000 za kwanza kwa mwaka, ila ukilipa ya jimbo kwa wakati kwa kawaida inashuka mpaka asilimia 0.6, yaani dola 42 kwa kichwa. Kwa hiyo swali ni moja, je wewe mwenyewe ulilipiwa?

Hatua ya 1: angalia unajilipaje. Kama huna kampuni, au una LLC (kampuni ndogo iliyosajiliwa jimboni) ya peke yako na unachota tu hela benki unapohitaji, hiyo siyo mshahara, hakuna kilicholipwa kwa jina lako. Kama LLC yako inatozwa kodi kama S-corp (mtindo wa kodi ambao mwenye kampuni anajilipa mshahara kama mfanyakazi) na unajikata mshahara wa W-2, ile fomu ya mshahara wa mwaka anayotoa mwajiri, hapo kuna matumaini, ila gawio la faida halihesabiwi hata liwe kubwa vipi.

Hatua ya 2: hii ndo yenyewe. Tafuta ripoti ya mishahara inayopelekwa jimboni kila robo mwaka, California inaitwa DE 9C, New York ni NYS-45. Ndani kuna orodha, jina, namba ya soshalo (Social Security), mshahara wa robo hiyo. Jina lako halimo? Basi kwa jimbo wewe hukuwa mfanyakazi wa hiyo kampuni. Na hata likiwemo soma sheria za jimbo lako kuhusu wakurugenzi wa kampuni, maana jimbo la Washington kwa mfano hawahesabiwi mpaka kampuni yenyewe iombe waingizwe.

Hatua ya 3: kumbuka kazi za pembeni. Wengi wetu tuna biashara na bado tunapiga shifti weahausi (kwenye maghala), sasa ukipunguzwa kule ile W-2 inakubeba. Majimbo mengi yanaangalia mishahara ya robo nne za kwanza kati ya tano zilizokamilika kabla hujaomba.

Hatua ya 4: omba kwenye tovuti ya jimbo ulikofanyia kazi na biashara yako itaje, usiifiche. Kila wiki unayodai andika masaa na hela iliyoingia, hata kama ni kichwa kimoja umesuka. Wakikukamata umedanganya unarudisha zote na faini isiyopungua asilimia 15 juu yake.

Na tafadhali msinitajie ile ya korona, ule mpango uliowalipa hadi waliojiajiri ulianza 2020 ukaisha Septemba 2021. Kilichobaki kwa waliojiajiri ni msaada wa maafa, kimbunga au moto ukitokea na rais akatangaza rasmi eneo lenu.

Hatua ya 5: wakikukatalia, tarehe ya mwisho ya rufaa ipo kwenye barua hiyohiyo. Ukisubiri jibu endelea kujaza ripoti ya kila wiki, maana wiki uliyoruka unaweza usilipwe hata ukishinda.