Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusikiliza Muziki Ukiendesha Pikipiki Nyanda za Juu Kusini

Anayeondoka Mbeya mjini alfajiri kwa pikipiki kuelekea Makambako ana saa tatu hivi za barabara mbele yake, na si ajabu akatamani sauti ya kumsindikiza. Mimi ni mmoja wao. Nimeendesha kwa miaka mingi kati ya Mbeya, Tukuyu na Makete, na sehemu kubwa ya safari hizo nimekuwa na muziki, kwa hiyo siandiki ili kumkataza mtu. Ninachoshikilia ni kwamba kila uamuzi unaohusu muziki, yaani upigwe wimbo gani, kwa sauti kiasi gani, uongozwe kwa kitufe kipi na uzimwe wapi, ufanyike wakati pikipiki bado imesimama kwenye stendi. Ukishaanza kupanda Mlima Nyoka huku malori ya Tunduma yakiwa mbele na nyuma yako, akili haina nafasi ya kuamua jambo jingine zaidi ya barabara.

Kabla ya kufikiria kifaa, fikiri kwanza masikio yanakufanyia kazi gani safarini. Yanakuambia kuwa basi limeshakaribia kabla halijaonekana vizuri kwenye kioo cha pembeni. Yanakuambia kuwa lori lililo mbele limeachia upepo wa breki, na kwamba baada ya sekunde moja au mbili litapunguza mwendo. Yanakupa pia habari za pikipiki yenyewe: mnyororo uliolegea hugonga, vali zilizoachia hutoa mlio mwembamba wa chuma, na injini inayolemewa mlimani hunguruma kwa uzito kabla haijaanza kutetemeka, jambo ambalo dereva mzoefu hulijibu kwa kushusha gia bila hata kujua kuwa amelijibu. Katika ukungu wa Kitulo au wa Njombe, ambapo macho hayafiki mbali, masikio huchukua sehemu kubwa ya kazi ya macho. Vivyo hivyo njia za vijiji zinapokatiza reli ya TAZARA, mlio wa treni huweza kukufikia kabla hujaiona nyuma ya miti. Muziki unaofaa ni ule unaoziacha sauti hizi zipite, na kila kitu kitakachofuata kinapimwa kwa kigezo hicho.

Kuhusu kifaa, wengi wetu hutumia mojawapo ya njia tatu: spika iliyofungwa kwenye usukani, vipokea sauti vinavyochomekwa ndani ya tundu la sikio, au spika bapa zinazowekwa ndani ya kofia ngumu, pembeni ya masikio, na kuunganishwa na simu kwa Bluetooth. Mimi naichagua ya tatu, kwa sababu tundu la sikio linabaki wazi. Spika ya usukani huonekana salama kwa kuwa haifuniki sikio, lakini ili isikike juu ya upepo inalazimika kupigwa kwa nguvu, na ukiingia Mwanjelwa na mlio ule unawalazimisha abiria, wauza matunda na wagonjwa waliomo ndani ya bajaji wausikilize nao. Ukiamua kuweka spika ndani ya kofia, tafuta kofia yenye vishimo vya masikio vilivyotengenezwa kiwandani. Usichimbe kamwe lile povu gumu jeupe lililo chini ya kitambaa ili kupata nafasi, kwa kuwa povu hilo ndilo linalopokea kishindo cha kichwa kikigonga lami, na unene wake haukuwekwa kwa bahati. Hakikisha pia kuwa hakuna kitu chenye ncha kinachogusa eneo la kipanda uso.

Wapo wanaosema kuwa inatosha kuvaa kipokea sauti kimoja na kuacha sikio la pili wazi. Kama huna njia nyingine, basi sikio la kubaki wazi liwe la kulia, maana sisi huendesha upande wa kushoto na gari linalokupita hutokea kulia kwako. Hata hivyo ujue unachopoteza. Ubongo hutambua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha yale yanayofika kwenye masikio mawili: tofauti ndogo ya muda na tofauti ya nguvu. Ukiziba sikio moja utaisikia honi, lakini kusema imetoka nyuma kulia au kushoto kutakuwia vigumu, na pale Kabwe au kwenye makutano ya Uyole, ambako honi ni nyingi, hilo ndilo swali linalohitaji jibu la haraka.

Jambo la kiasi cha sauti ndilo linalowakosesha watu wengi, nami nitakaa hapo kidogo. Upepo unaopita kwenye kofia ngumu una kelele nyingi kuliko tunavyodhani. Katika mwendo wa barabara kuu, kelele hiyo peke yake hufikia desibeli 90 na zaidi, hata kama pikipiki ingekuwa haina injini. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unaokubalika hupungua nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1. Maana yake ni kwamba dereva aliyefika Makambako bila muziki wowote huenda tayari amemaliza kikomo cha siku nzima. Sasa mtu huyo akiongeza sauti ya wimbo ili iushinde upepo, na Makambako ni mji unaojulikana kwa upepo, anaweka kelele juu ya kelele, na akipunguza mwendo kuingia mjini, upepo unatulia lakini muziki unabaki palepale, mkali kiasi cha kumfunika mtoto anayepiga kelele kando ya barabara.

Kwa sababu hiyo, nashauri sauti ipangwe kwa kipimo cha sehemu ya polepole kabisa ya safari. Washa injini nyumbani, vaa kofia, funga kioo chake, piga wimbo utakaoanza nao, kisha mwombe mtu asimame hatua kumi nyuma yako akuite jina kwa sauti ya kawaida ya kuita. Usipomsikia, punguza, na aite tena. Kiasi utakachomsikia vizuri ndicho kiasi chako cha safari nzima. Ukifika kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa na wimbo ukamezwa na upepo, uache umezwe. Utaurudia kijijini, penye kibao cha 50. Kwa safari ndefu, vizibo laini vya masikio vya povu vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa husaidia zaidi kuliko kuongeza sauti, kwa kuwa hupunguza mvumo wa upepo pamoja na kila kitu kingine kwa uwiano unaokaribiana, na honi ya basi, ambayo ni kali kwa asili yake, bado hupenya. Vijaribu kwanza kwenye barabara unayoifahamu, na uvitoe kabla ya kuingia mjini.

Baada ya sikio unafuata mkono. Kwenye pikipiki zetu mkono wa kulia hushika mafuta na breki ya mbele, hivyo hauruhusiwi kufanya kazi nyingine hata kwa nusu sekunde. Mkono wa kushoto una klachi, indiketa, honi na swichi ya taa, na bado huo ndio pekee unaoweza kuazimwa, tena kidole gumba tu, huku vidole vingine vikiwa vimeshika usukani. Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa jiulize kama kina kitufe unachoweza kukitambua kwa kugusa bila kukiangalia. Vipo vidude vidogo vya Bluetooth vinavyofungwa kwenye usukani, karibu na kidole gumba cha kushoto, vyenye vitufe vya kusimamisha, kuruka wimbo na kupunguza sauti. Spika nyingi za kofia zina kitufe kikubwa upande wa kushoto wa kofia, ila kukifikia kunahitaji kuachia usukani, na hilo lifanyike tu pale barabara inaponyooka na huna gari karibu. Jizoeze ukiwa umesimama, umevaa glavu zile zile utakazosafiri nazo, mpaka gumba lijue njia lenyewe.

Kioo cha simu hakifai kabisa kwa kazi hii. Glavu za kawaida hazikisogezi chochote, na matone ya mvua hukibonyeza hovyo. Zaidi ya hayo, kinadai macho. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki hukata karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo sekunde mbili za kutafuta wimbo ni mita 33 ulizokwenda bila kuona. Nasema hivi kwa kuwa yalinikuta. Nilikuwa nikiteremka kutoka Isyonje kuelekea Uyole, wimbo uliofuata ukaanza kwa sauti kubwa ghafla, nikaingiza mkono wa kushoto mfukoni mwa koti kuitafuta simu. Pikipiki ilihamia ukingoni taratibu, bila mimi kuhisi, na nilipoinua macho palikuwa na mama amebeba ndoo ya viazi mviringo kichwani, hatua chache mbele yangu. Nilimkosa kwa upana wa usukani. Niliposimama na kurudi kumwomba radhi, yeye ndiye aliyenipa pole: "Pole mwanangu, umeshtuka." Tangu siku ile simu yangu hukaa ndani ya begi la mgongoni, ambako hata nikitaka siwezi kuifikia. Anayeihitaji kwa ajili ya ramani aifunge kwenye kishikizo chenye raba za kuzuia mtikisiko; mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake kuwa mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya iPhone.

Simu ikishakuwa begini, kila kitu ndani yake kiwe kimetayarishwa. Nyimbo ziwe zimepakuliwa, maana ukitegemea intaneti, milimani mtandao hukatika na utajikuta unataka kusimama au, vibaya zaidi, kupapasa. Redio nayo husumbua vivyo hivyo: mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka na mlima huyazuia, kwa hiyo kituo kinachosikika vizuri Mbeya mjini huanza kukwaruza ukishavuka kilele cha barabara ya Chunya. Panga nyimbo kwa mfululizo unaotosha safari nzima, uondoe zile zinazoanza kwa kishindo, na uwe mkweli kuhusu zile zinazokufanya uongeze mafuta bila kukusudia. Mimi ninazo kama hizo. Nazipenda, nazisikiliza nyumbani. Weka simu kwenye hali ya kutosumbuliwa, zima mpangilio wa kupokea simu wenyewe, na kama wewe ni bodaboda unayetegemea kupigiwa na wateja, amua mapema kuwa utasimama kila baada ya muda fulani kuangalia nani amekutafuta.

Umeme unahitaji hesabu fupi kwa wale wenye spika ya usukani. Chukua betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 7 na spika ya wati 24: spika hiyo huvuta ampea 2, hivyo ukiegesha kijiweni na injini imezimwa, betri iliyojaa itakwisha kwa saa tatu na nusu, na stata itagoma mapema zaidi ya hapo. Fundi aweke fyuzi karibu na betri, asichukue umeme kwenye waya wa honi wala wa taa ya breki, na apitishe nyaya mahali ambapo hazitabanwa usukani unapokatwa. Kifaa cha kofia kiwe na kinga ya maji isiyopungua IPX4, kinachovumilia kurushiwa maji, kwani kuanzia Novemba hadi Mei mvua ya Rungwe haitoi taarifa. Mwezi Juni na Julai, alfajiri zinaposhuka chini ya nyuzi 10, betri za lithiamu hupungua nguvu, hivyo chaji iliyotosha miezi ya joto isikudanganye.

Kisha pitia njia kichwani na uamue ni wapi muziki utazimwa. Kwangu orodha haibadiliki: mteremko wa Iwambi, mteremko wa Inyala, Mlima Kitonga kwa anayetoka au kwenda Morogoro, kila mahali penye ukungu, kila mahali penye mifugo, na hapa nawakumbuka ng'ombe wa Usangu kati ya Igurusi na Igawa, na mvua kubwa inapoanza. Katika miteremko hiyo malori hutegemea injini na breki zilizochemka, na dereva wa pikipiki anapaswa kusikia mapema gari lililoshindwa kujizuia nyuma yake. Uzime kabla ya kuanza kuteremka, ukiwa bado kwenye tambarare.

Ukimbeba abiria, muziki wa masikioni haufai kabisa. Yeye ndiye anayeona nyuma anapogeuka, ndiye anayejua nyumba yake iko wapi, na ana haki ya kusema "punguza mwendo, kaka" akasikiwa mara ya kwanza.

Hatimaye, ukifika na kuzima injini, vua kofia na usikilize kwa dakika moja. Masikio yakivuma, au sauti za watu zikikufikia kana kwamba wanazungumza nyuma ya pazia, masikio yamechoka kwa kelele. Shusha sauti alama mbili hapo hapo, kabla hujasahau, ili kifaa kiwe tayari kwa safari ya kurudi.