Somo: Kupandisha Akili katika Elden Ring bila kubaki na uhai wa kuku

Wachawi wengi wa Elden Ring hufa kwa sababu moja: kila runi (pesa ya kupandia leveli) wanayookota wanaimwaga kwenye Akili. Mtu anafika kwa Margit, bosi wa mwanzo, na Akili 30, Uhai bado ule ule wa 9 alioanza nao, halafu bosi anashusha nyundo yake ya nuru na habari imeisha. Hapo mtu analalamika kwamba uchawi ni dhaifu, kumbe uchawi hauna neno. Ni mwenye uchawi aliyekufa kabla hajamaliza kuutupa.

Somo hili ni la mtu anayeanza na klasi ya Astrologer na anataka kumaliza gemu kwa fimbo. Kwenye skrini utaona Vigor, Mind, Endurance, Strength, Dexterity, Intelligence, Faith na Arcane. Intelligence nitaiita Akili na Vigor nitaiita Uhai. Zilizobaki naziacha zilivyo usije ukapotea kwenye menyu.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu tutakuwa tunabahatisha. Leveli yako ni jumla ya sifa zote nane, toa 79. Astrologer anaanza na Uhai 9, Mind 15, Endurance 9, Strength 8, Dexterity 12, Akili 16, Faith 7 na Arcane 9. Jumla 85, toa 79, leveli 6. Kila pointi unayoongeza ni leveli moja, na kila leveli ni ghali kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo pointi ya mapema uliyoipeleka pabaya utaifidia baadaye kwa bei ya juu.

Akili ina kazi mbili kubwa. Inafungua: uchawi na fimbo vina kiwango cha chini vinachokudai, na usipokifikia huvitumii ipasavyo. Pia inazidisha nguvu ya uchawi, lakini inapitia kwenye fimbo, ndiyo maana fimbo mbovu itakudhulumu hata ukiwa na Akili nyingi. Basi Akili ipandishe kwa vituo. Ukifika kituo, teremka, hudumia sifa nyingine, halafu uendelee.

Hatua ya 1: Akili 18, kisha simama (leveli 8)

Ni pointi mbili tu, lakini hakuna pointi mbili zinazolipa kama hizi katika gemu zima. Fimbo ya Meteorite Staff inadai Akili 18. Rock Sling, uchawi wa kurusha mawe, nayo inadai 18. Na vyote viwili viko kwenye magofu mamoja, Street of Sages Ruins, ndani ya kinamasi cha Aeonia kule Caelid. Fimbo imening'inia dirishani kwenye jengo lililobomoka, na Rock Sling iko chumba cha chini ya ardhi hapo hapo.

Kufika huko ukiwa leveli 8 kunatisha, ila si lazima upigane na yeyote. Ukishapata farasi wako Torrent, nenda Dragon-Burnt Ruins pale Limgrave, shuka chini, fungua sanduku. Ni mtego: litakurusha mpaka Sellia Crystal Tunnel, Caelid. Toka mbio, achana na wachimbaji, ukishaona mbingu panda farasi uelekee kinamasini. Usishuke ovyo kwenye yale maji mekundu, yanaozesha mwili. Ukifa ukiwa na runi mia tatu mfukoni, hujapoteza kitu. Chukua vitu viwili, rudi nyumbani.

Kwa nini usumbuke hivyo? Meteorite Staff ina daraja S (la juu kabisa) kwenye Akili tangu unapoiokota, na inaongezea uchawi wa mvutano asilimia 30. Rock Sling ni uchawi wa mvutano. Isitoshe, mawe yale yanaumiza kama kipigo cha kawaida, si kama uchawi, kwa hiyo hata Rennala, bosi mchawi, ambaye kombora la bluu halimtishi sana, jiwe linampata vilivyo. Ubaya wake ni kwamba mawe huchelewa kuruka, na kila mrusho unakula FP (nguvu ya kutupia uchawi) 18, wakati Glintstone Pebble, lile kombora la bluu, inakula 7 tu. Pebble iwe ya vijidudu vya njiani, mawe yawe ya wakubwa.

Hatua ya 2: Uhai 20, Mind 20 (leveli 24)

Hapa ndipo watu wanapokosa subira. Akili usiiguse. Kwa sasa fimbo uliyonayo inakutosha, na huwezi kuiboresha kwa mhunzi hata ukitaka, kwa kuwa haikubali mawe ya kunolea. Runi zote ziende kwenye Uhai hadi 20, yaani pointi 11, kisha Mind kutoka 15 hadi 20.

Angalia Uhai unavyolipa. Ukiwa na 9 una HP (kiasi cha damu yako) 396. Ukifika 40 una 1450. Ni pointi 31 zilizoleta HP 1054, wastani wa 34 kwa kila pointi. Kutoka 40 hadi 60 unapata 450 kwa pointi 20, kama 22 hivi kila moja. Kutoka 60 hadi 99 ni HP 200 tu kwa pointi 39, na hapo sioni sababu ya mchawi kwenda. Uhai wa kati ndio wenye faida, nao ndio watu wanaouruka.

Kuhusu Mind, wanaotoka Dark Souls huiongeza wakidhani wanapata nafasi zaidi za kubeba uchawi. Huku sivyo. Nafasi zinatoka kwenye Memory Stone unazookota, na kazi kuu ya Mind ni FP. Kipimo changu ni rahisi: ukikaa Grace (kituo cha kupumzikia) ukagawa chupa, kisha ukaona unahitaji chupa za bluu (za FP) nyingi kuliko nyekundu (za HP) ili umalize bosi mmoja, ongeza Mind. Kama chupa za bluu zinabaki, Mind yako inatosha, peleka runi kwingine.

Hatua ya 3: Chagua unachokitaka, kisha panda hadi hapo (leveli 46 au karibu)

Sasa rudi kwenye Akili, lakini usipande kwa kupanda tu. Loretta's Greatbow, uchawi wa upinde, inadai 26, na ni tamu kwa kupiga adui aliye mbali ambaye hajakuona. Uchawi wa Night Comet na lile panga la Dark Moon Greatsword yote yanadai 38. Ukitaka katana ya Moonveil, inadai Akili 23, Strength 12 na Dexterity 18, maana yake Astrologer atalipa pointi 10 nje ya Akili. Ziweke kwenye hesabu mapema.

Asiyetaka panga apande moja kwa moja hadi 40. Pointi 22, leveli 46.

Katika kipindi hiki tafuta fimbo ya kawaida inayopanda hadi +25 uipeleke kwa mhunzi. Carian Glintstone Staff inadai Akili 24, Academy Glintstone Staff inadai 28. Meteorite Staff imeganda pale ulipoiokota. Fimbo ya kawaida ikiendelea kunolewa, siku moja itaipita. Siku hiyo utaijua kwa kufungua ukurasa wa kila fimbo na kulinganisha namba ya nguvu ya uchawi. Usiniulize ipi bora kabla hujaangalia, namba iko mbele yako.

Hiyo namba itumie pia kuamua pointi zako. Iandike pembeni kabla ya kupanda leveli. Panda Akili mara tatu, iangalie tena. Ikiwa imesogea kidogo sana, runi zinazofuata zipeleke kwenye Uhai au kwa mhunzi.

Hatua ya 4: Uhai 30, Akili 60, Uhai 40

Kwa mfuatano huo huo, na utaishia leveli 86. Ongeza Mind hadi 25 na Endurance hadi 15 uweze kubiringika mara nyingi na kuvaa nguo nzito kidogo, unafika 97. Akili 60 ndicho kituo kikubwa: uchawi wa Comet Azur unadai 60, na Carian Regal Scepter, fimbo unayobadilishiwa na Enia kwa kumbukumbu ya Rennala, nayo inadai 60. Baada ya hapo kila pointi inaleta kidogo kuliko awali. Uchawi wa Ranni's Dark Moon unadai 68, na 80 ndipo wengi wanaposimama. Ukifika 80 kwa mpango huu utakuwa leveli 117.

Hatua ya 5: Akili ya kuazima

Hirizi ya Stargazer Heirloom inaongeza Akili 5. Kofia ya Twinsage Glintstone Crown inaongeza 6, ingawa inakupunguzia HP na nguvu za kubiringika. Intelligence-knot Crystal Tear ukiichanganya kwenye chupa ya dawa inaongeza 10 kwa dakika 3. Akili ya kuvaa inahesabika kwenye masharti kama ya kwako. Mwenye 49 akivaa hirizi na kofia anasoma 60, na Comet Azur inafunguka. Akivua kofia, inafungika. Mimi nisingetembea na ile kofia muda wote. Ya bosi mmoja, sawa.

Na kama umeshaharibu pointi, usifute mhusika. Ukimshinda Rennala unaweza kurudi kwake na Larval Tear ukapanga sifa zako upya. Huwezi tu kushuka chini ya namba ulizoanza nazo kwenye klasi.

MASWALI YA WANACHAMA

pedi_mbovu: Mwalimu, nataka Moonveil mapema. Si ni bora nianze na Prisoner kuliko Astrologer?

Jibu: Tufanye hesabu, ndugu yangu. Prisoner ni leveli 9, ana Strength 11, Dexterity 14, Akili 14. Anahitaji pointi 1, 4 na 9, jumla 14, anaishika Moonveil leveli 23. Astrologer ni leveli 6, anahitaji 4, 6 na 7, jumla 17, anaishika leveli 23. Wamelingana. Tofauti ni mabaki: Prisoner atakuwa na Uhai 11 na Endurance 11, Astrologer atakuwa na Mind 15 dhidi ya 12 ya mwenzake. Ukipenda kukaribia adui, Prisoner. Ukipenda kurusha, baki na Astrologer.

Binti_Konsoli: Samahani kaka, nikichanganya Akili na Faith nitaharibu?

Jibu: Dada, inategemea unachanganya kwa ajili ya nini. Kama ni kwa sababu ya Sword of Night and Flame, panga hilo la Caria Manor linadai Akili 24 na Faith 24, pamoja na Strength 12 na Dexterity 12. Astrologer ana Faith 7, kwa hiyo ni pointi 17 za Faith, 8 za Akili na 4 za Strength. Inawezekana, na ni raha. Lakini kama hujui Faith utaifanyia nini, subiri Akili ifike 60 kwanza.

mzee_wa_usiku: Nina Comet Azur, Akili 60 imetimia, lakini FP inaisha kabla bosi hajafika hata nusu. Niongeze Mind hadi 40?

Jibu: Hapana mkuu, utatumia leveli nyingi kwa tatizo la sekunde 15. Tafuta Cerulean Hidden Tear, ichanganye kwenye chupa ya dawa. Ukiinywa, kwa muda huo mfupi uchawi hauli FP. Simama mbali, kunywa, anza kurusha. Ila kwa bosi anayerukaruka haitakusaidia sana, maana ukishaanza kumwaga Comet Azur umepigwa msumari pale pale. Kwa hao rudi kwenye mawe.

juma_mpya: Uhai 20 ni mdogo sana. Nimefika eneo la Liurnia na bado nakufa kwa mapigo mawili.

Jibu: Kufa kwa mapigo mawili ni tofauti na kufa kwa moja, kati ya hayo mawili unapata nafasi ya kunywa chupa. Lakini hukosei. Kama mikono bado mizito, tanguliza Uhai 25 kabla ya kugusa Akili tena. Hakuna uchawi wa Liurnia utakaokukimbia kwa leveli tano.

chupa_ya_bluu: Niko kwenye ile nyongeza ya gemu, Shadow of the Erdtree. Akili 80, Uhai 50, fimbo imenolewa mpaka mwisho. Bado askari wa kawaida wananila na uchawi wangu unawakuna tu. Nipande Akili 99?

Jibu: Usipande chochote. Huko, nguvu ya mashambulizi na kinga yako vinaongezwa na Scadutree Fragment, na unazitumia ukiwa Grace. Baraka hiyo inapanda hadi 20. Uko ngapi? Kama ni 2 au 3, umejibu swali lako mwenyewe. Zunguka ramani uzikusanye, baadhi ziko kwenye misalaba ya Miquella.

chupa_ya_bluu: Niko 1 😅

Jibu: Basi panda Torrent, anza na ule msalaba ulio karibu na ulipoingilia.