Namna ya Kupima Nani Anakula Nini Pale Ng'ombe na Wanyamapori Wanapochangia Malisho

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wenye ng'ombe hawaishi nao. Ng'ombe wako upande wa Chalinze, Bagamoyo au Rufiji chini ya mchungaji, na mwenye mali yuko Kimara au Mbagala akipokea habari zao kwa simu. Kila kiangazi habari huwa ile ile: "Mzee, pundamilia wametumalizia nyasi." Mwenye mali husikitika, na pengine huharakisha kuwapeleka ng'ombe kumi mnada wa Pugu wakiwa wamekonda, wakati ambapo kila mtu anauza. Kabla ya kufika huko ni vema afunge safari ya siku mbili akaangalie mwenyewe, kwa sababu ushindani wa malisho unapimika kwa vifaa ambavyo karibu vyote vimo jikoni mwake. Maelezo yanayofuata yanahusu ardhi ya kijiji ambayo wanyamapori huvuka na kuingia. Ndani ya hifadhi ya taifa kama Saadani kuchunga ni marufuku, na hapo hakuna cha kupima.

Anza kwa kuwatenga wanyama kwa kile wanachokila. Twiga, tandala na digidigi hula majani ya miti na vichaka, kwa hiyo kumlaumu twiga kwa nyasi zilizokwisha ni kumwonea. Pundamilia, nyumbu, nyati, kongoni na kuro ni wa nyasi, na hao ndio wanaokaa meza moja na ng'ombe. Katikati wapo wanaobadilika kwa majira: swala pala hula nyasi changa wakati wa mvua, kisha zikikauka huhamia kwenye majani na maganda ya migunga. Ng'ombe naye si wa nyasi tupu kama tunavyomdhani. Mfuate mchana wa Septemba utamwona akiokota maganda ya mgunga chini ya mti, mahali pale pale alipopita swala asubuhi. Ngiri hupiga magoti akala nyasi fupi, na nyakati ngumu huchimbua mizizi, jambo linaloumiza ukoka kuliko kuumwa juu juu.

Orodha hiyo inaonyesha uwezekano tu. Kinachotokea kwenye shamba lako utakipata katika kinyesi. Toka alfajiri, kabla dundu hawajakivingirisha, ukiwa umevaa glovu, na uokote kinyesi kibichi cha wanyama kumi wa kila aina. Usichukue donge kumi zilizolala pamoja, kwani huenda ni za mnyama mmoja. Mizoga usiiguse kabisa, maana kimeta hakina mzaha. Weka kijiko kimoja cha kila donge kwenye chujio la chai, liloweshe ndani ya ndoo huku ukilitikisa taratibu mpaka maji yatoke safi, kisha tandaza mabaki juu ya sahani nyeupe na uyatazame kwa kioo cha kukuzia. (Chujio hilo halirudi jikoni.) Kipande cha nyasi kina mishipa iliyonyooka sambamba kama mistari ya daftari, ilhali kipande cha jani la mti kina mishipa iliyosukwa kama wavu. Hesabu vipande mia moja kwa kila sahani na uandike vingapi ni nyasi.

Utakaposafisha kinyesi cha pundamilia utashangaa jinsi nyuzi zake zilivyo ndefu. Pundamilia hacheui, chakula hupita tumboni mwake haraka kikiwa hakijasagwa sana, na ndiyo sababu anaweza kuishi kwa mabua makavu ambayo ng'ombe angeyaacha, ilimradi ale mengi. Ng'ombe, kwa kuwa hucheua, hana budi kungoja chakula kilainike ndipo kipite, hivyo mabua magumu humjaza tumbo bila kumshibisha. Kinyesi chake chenyewe hutoa taarifa: kikitandazika laini, chakula kina protini ya kutosha, kikisimama kigumu, kimepangana tabaka juu ya tabaka, ng'ombe huyo anakula makapi hata kama shamba linaonekana limejaa nyasi.

Njia hii ina mpaka wake, kwani inatenga nyasi na majani lakini haitaji ni nyasi gani. Huko Laikipia, Kenya, watafiti walitumia vinasaba vya mimea vilivyobaki kwenye kinyesi cha aina saba za wanyama, wakiwemo ng'ombe, nyati na pundamilia, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba hata wale wote tunaowaita walaji wa nyasi hawachagui mimea ile ile. Mfugaji asiye na maabara anaweza kuukaribia ukweli huo kwa kutazama shina lililoumwa. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Huviringisha ulimi, akakusanya nyasi na kuzing'oa, na ncha zinabaki zimechanika. Pundamilia ana meno ya mbele juu na chini, naye hukata karibu kama mkasi. Tembea hatua mia moja kwa mstari mmoja, na kila hatua ya kumi uiname uandike ni nyasi ya aina gani, imeumwa namna gani, na imebaki na urefu gani. Majina mwulize mchungaji. Yeye anayajua kwa lugha yake, na hayo yanatosha.

Sasa pima kiasi. Chukua kamba ya mita nne na vigingi vinne, utengeneze mraba wa mita moja kila upande, uutege sehemu kumi usizozichagua kwa macho, ukate nyasi kwa mundu hadi vidole viwili kutoka ardhini, uzianike mpaka zikauke kabisa, kisha uzipime kwa mizani ya jikoni. Tuseme wastani ni gramu 120 kwa mraba. Hizo ni kilo 1,200 kwa hekta. Acha nusu ili ardhi isibaki uchi, zibaki kilo 600. Ng'ombe wa kilo 250 hula takriban kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, hivyo hekta moja inamtosha siku 100, na hekta 100 zinawatosha ng'ombe 50 kwa siku 200. Wakiingia pundamilia 30 wakakaa humo muda wote, wahesabu kama ng'ombe 35, kwa kuwa wanakula zaidi kwa uzito ule ule, na siku 200 zinashuka hadi chini kidogo ya 120. Kiangazi cha kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba ni kama siku 150. Mchungaji aliyepiga simu alikuwa na haki, lakini kwa mwezi mmoja wa upungufu tu, na kwa sharti kwamba pundamilia hao kweli walikaa bila kuondoka. Mwambie aandike kila siku idadi aliyoiona, kwa maana mara nyingi hupita kuelekea maji na kumbukumbu ya mtu mwenye hasira huwafanya wakazi.

Kipimo hiki kirudiwe mara mbili kwa mwaka, Aprili na Septemba, pale pale ulipotega kamba mwanzo. Majaribio mengine ya Laikipia, yaliyotangazwa mwaka 2011, yaligundua kwamba ng'ombe waliochangia malisho na wanyamapori waliongezeka uzito zaidi ya wenzao waliochunga peke yao wakati wa mvua, na wakaongezeka pungufu kuliko hao wakati wa ukame. Maelezo yake ni yale yale ya mabua: pundamilia huondoa yaliyokomaa, na chini yake nyasi changa hupata mwanga. Mwaka 1960 mtafiti Vesey-FitzGerald alikuwa amekwisha kueleza jinsi wanyama wakubwa wa bonde la Rukwa wanavyofungulia wadogo nyasi ndefu. Kwa hiyo kuwafukuza pundamilia mwezi Aprili ni kujinyima kibarua asiyelipwa.

Kinachohitaji kulindwa ni akiba ya Septemba. Wasukuma hufunga kipande cha malisho tangu masika na kukiita ngitili. Tenga chako karibu na boma, ambako watu na mbwa hupita usiku na mchana, na vipande vya mbali viachie wageni. Ukiona mwishoni mwa Juni kwamba hesabu ya kamba haifiki Oktoba, peleka Pugu wale watakaozidi wakati huo huo, wangali na nyama mgongoni.